Pweza wa Mama Mkubwa na Kitanda cha Kulipia

Nianze na ujinga wenyewe, ili usije ukanidhania mtu wa maana halafu ukavunjika moyo mbele ya safari. Nilikuwa na kitanda cha bure Kikwajuni, kwa dada yake mama yangu, chakula juu yake. Nikakiacha. Nikaenda Mkunazini nikalipia kitanda kwenye chumba ambacho ukinyoosha miguu lazima mlango uwe wazi. Na pweza niliyepewa nimpelekee mama mkubwa wangu wakamla paka. Sikuwapa kwa makusudi. Paka hawakuniuliza kuhusu makusudi, na baadaye nikagundua kuwa watu nao hawayaulizi sana.

Naitwa Simai, mtu wa Jambiani, kidato cha nne. Kwetu ukirusha jiwe bila ya kuangalia linaangukia hoteli. Nimekulia katikati ya mahoteli na ninayajua yote kwa nyuma: mlango wa jikoni, jaa la taka, ukuta unaopandika ukitaka kuona watu wanaooga kwenye bwawa na bahari nzima iko hapo hapo mbele yao. Watalii hunilipa nipande mnazi, wanapiga picha, nashuka, wananipigia makofi kama nimerudi kutoka mwezini. Lakini kulala ndani, sijapata. Rafiki yangu Vuai alisema siku moja, tumekaa nje ya skuli, kwamba mtoto wa Jambiani hakigusi kitanda cha hoteli ila akiwa anakitandika. Maneno hayo yaliniuma kwa sababu ni ya kweli.

"Mimi ntalala," nikamwambia.

"Wapi?"

"Mjini."

"Nitumie picha," akasema Vuai. "Na miguu yako ionekane, usije ukanitumia kitanda cha mtu."

Hiyo ndiyo sababu yangu ya kusafiri. Lakini safari haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama, na yeye alikuwa na sababu yake, na ndiyo maana naandika haya kichwa chini.

Mama yangu, Bi Tatu, analima mwani. Ana dada mmoja tu, Bi Mize, anakaa Kikwajuni na kazi yake kushona. Walikuwa hawasemeshani tangu alipofariki bibi, mimi ndo kwanza naanza skuli. Bibi alifariki asubuhi kwetu Jambiani, akazikwa adhuhuri, na Mama Mkubwa akafika kaburi lishafunikwa. Mama anasema alipiga simu haikushika. Mama Mkubwa anasema simu yake ilikuwa wazi mchana kutwa, mkononi. Hapo hapo, mbele ya waliokuja kuzika, wakaacha kusemeshana, na ndiyo maana mimi na umri wangu wote huu mjini nimefika mara moja tu, nikiwa nimebebwa mgongoni, jambo ambalo silihesabu.

Mwanzoni mwa likizo, mwanamke mmoja wa kijijini kwetu alikwenda mjini kushonesha nguo kwa Mama Mkubwa, akarudi na maneno. Mama alikuwa anaanika mwani.

"Bi Mize kanambia nikuulize, ati kwani wanao hawana mama mkubwa mjini?"

Mama akasimama na mwani mikononi. "Hebu sema tena."

Akasema tena.

"Alisema huku uso wake ukoje?"

"Uso wa mtu anayeshona, Bi Tatu. Mimi ntajuaje?"

Bamvua lilipofika, maji yakatoka mbali, mama akauacha mwani wake akaenda mwambani na kijiti. Akarudi na pweza mkubwa. Akampiga juu ya jiwe, akamtanua kwa vijiti, akamtundika juani, akawa anamlinda asiliwe na kunguru wala na mimi. Pweza mkavu wa nazi ndicho chakula walichokuwa wakikigombania wao wawili walipokuwa wadogo, na bibi akiwagawia mkono mmoja mmoja. Kisha mama akasuka kikapu kipya cha ukili, kwa ajili ya safari hiyo tu.

Asubuhi ya kuondoka alinishika bega pale mlangoni.

"Siku mbili utalala kwa Mama Mkubwa wako. Pweza umpe mkononi, usimpe mtu mwengine. Na kikapu unirejeshee."

"Nikirejeshe kitupu?"

"Wapi umeona chombo kikirejeshwa kitupu?"

Kwetu ndivyo ilivyo. Ukimpelekea mtu kitu ndani ya chombo, chombo hakirudi peke yake. Atatia chochote, ndimu mbili, chumvi ya kukunja kwenye karatasi. Mama hakusema zaidi, na mimi sikutaka kufikiri zaidi, lakini nilijua. Alikuwa hatumi pweza. Alikuwa anatuma kikapu, akae akingoje.

Njiani sina kubwa la kusimulia. Nilikaa mbele na dereva, aliyefungua madirisha yote kwa heshima ya pweza wangu, na nilipokuwa nikipita Jozani kima wakaniangalia kama wanaojua ninachokwenda kufanya. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Usiku wa kwanza hotelini, kwa pesa zangu za kupanda minazi. Asubuhi yake Kikwajuni, nikiwa na uso wa mtu aliyeharibikiwa na gari. Kwamba Mama Mkubwa aliambiwa, kwa kupitia watu, siku nitakayofika, na kwamba mtu aliyeambiwa siku hupika, hilo halikuingia katika mpango.

Mchana nikashuka Darajani, nikavuka barabara, nikaingia Mji Mkongwe. Sasa hapa wewe unayekwenda mjini mara ya kwanza unisikilize, maana ya hoteli nimeyajua kwa miguu yangu. Mimi nilifanya kama mjinga yeyote wa pwani: nikaelekea baharini, Shangani, kwenye hoteli yenye mlango mkubwa wa misumari ya shaba. Mlinzi amesimama, koti jeusi, joto lile.

"Asalamu alaykum."

"Waalaykum salam. Mizigo ya jikoni inapita nyuma."

"Mimi si mzigo wa jikoni, mimi mgeni. Nataka chumba."

Akakiangalia kikapu. "Hata mgeni mwenye pweza anapita nyuma."

Nikazunguka, kwa sababu kama nilivyokwambia, hoteli nyuma ndiko ninakojua. Mpishi alitoka anafuta mikono, akanyanyua kipande cha kanga kilichofunika kikapu, akanusa, akacheka peke yake.

"Huyu kakaushwa na mtu anayejua. Unauza?"

"Siuzi. Wa Mama Mkubwa wangu."

"Basi mwambie Mama Mkubwa wako ana bahati."

Niliondoka pale kifua mbele. Naikumbuka sana ile saa, kwa sababu ndiyo ya mwisho siku ile niliyokuwa mtoto mwema. Yule mpishi nilipomuuliza bei ya chumba alisema yeye vyumba vya pale anavijua kwa sahani zinazorudi, bei zake hajaziota hata homa ikimpanda.

Alasiri, Hurumzi. Nyumba ndefu ya ghorofa, ndani kuna ngazi za mbao na harufu ya udi. Mapokezi alikaa dada mmoja, kwa usemi wake mtu wa bara, kitambulisho kifuani kimeandikwa Neema.

"Karibu kaka."

"Dada, nataka chumba cha usiku mmoja, cha bei nafuu."

Akanitajia bei kwa dola.

"Hiyo kwa mwezi?"

"Kwa usiku, kaka. Na kifungua kinywa kimo."

"Na kama ntakula kifungua kinywa nisilale?"

Akacheka mpaka akaweka kalamu chini. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Ngazija, nimekuja kutalii, maana nilitaka aniheshimu.

"Ngazija na kikapu cha Jambiani? Mama mkwe wangu wa huko, anacho kama hicho hicho." Kisha uso wake ukabadilika, akawa kama dada kweli. "Wewe mwanafunzi. Huna ndugu hapa mjini wa kukulaza?"

"Sina," nikasema.

Neno lenyewe fupi. Lilitoka bila ya kukwama. Nilimkana mama mkubwa wangu mchana kweupe, na huku nimembeba pweza wake mkononi, kwa ajili ya shuka nyeupe. Neema akanionea huruma, na ile huruma nikaichukua kama haki yangu. Akanifundisha: ukitaka rahisi, igeuzie bahari mgongo, kila unavyoiacha bei inashuka. Uliza bei ya mkaazi kabla hawajakutajia ya mgeni. Usilipe hujakiona chumba, na ukikiona washa feni kwanza, ikigoma toka. Akanielekeza Mkunazini, kwa mzee mmoja anayeitwa Ami Sele. Faida zote hizo nakupa wewe bure, na zote ni za kweli. Kama kweli huna ndugu mjini, zitakufaa.

Mkunazini, kabla ya magharibi. Ami Sele alikuwa kwenye baraza ya nyumba yake amevaa singilendi tu, anakula boflo na chai.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Nguo."

"Nguo zina mikono minane?"

Akanionyesha chumba. Kitanda cha chuma, chandarua chenye viraka, feni iliyogeuka huku ikilalamika. Nikalipa kabla hajamaliza kuzungumza, na mfuko ukabaki na nauli ya kurudia na vishilingi vya chai.

"Lakini huyo halali na wewe," akasema. "Wapangaji wangu wa juu watahama. Mpandishe kwenye paa, kuna kamba ya nguo. Na mfunge juu, tena umfunike na sinia, sinia liko pale. Paka wa mtaa huu hawalali na njaa."

"Hewalla, Ami."

Nikampandisha. Kufunga juu kulitaka kupanda ukuta, na sinia lilikuwa upande wa pili wa paa, na jua ndilo linazama na mimi nilikuwa nimeshamwambia Vuai asubiri picha. Nikamning'iniza kikapuni mwake pale mkono ulipofika. Nikashuka kwa kukimbia. Mnazi napanda kwa makofi ya watu nisiowajua. Ukuta wa Ami Sele, kwa ajili ya mama, umenishinda.

Nikajilaza na viatu, nikapiga picha, miguu inaonekana. Vuai akajibu hapo hapo: "Hiyo hoteli au kabati?"

Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha zamani kidogo simu ilipolia. Mama.

"Umefika?"

"Nshafika, mama."

"Alhamdulillahi. Kakupokea vizuri?"

"Vizuri sana."

"Na pweza?"

"Kamnusa, akacheka peke yake. Kasema huyu kakaushwa na mtu anayejua."

Kisha nikamsikia mama anacheka. Si kicheko kikubwa, kile kidogo cha puani, ambacho nilikuwa sijakisikia tangu kuzikwa bibi. Maneno ya mpishi wa Shangani nimeyavisha buibui nikayapeleka kwa mama, na akayapokea.

"Yuko wapi sasa?"

Nikaangalia ule ukuta ulio mbele yangu, una picha ya twiga.

"Anasali."

"Mwache asali. Akimaliza mwambie nipo. Kama atapenda kunisemesha, nipo."

"Hewalla."

Nikaizima simu kabisa, isije ikalia tena nikaishiwa na uongo. Nikalala. Na nikuambie ukweli, nililala vizuri, hilo nalo linanikera.

Asubuhi nikapanda kwenye paa. Kikapu kilikuwa chini, kimelala ubavu, na ndani yake kamba na vile vijiti vya mama vya kutanulia. Basi. Chini ya tangi la maji paka wawili wamelala wamejinyoosha kama bwana harusi na mpambe wake baada ya karamu. Mmoja akafungua jicho, akaniangalia, akalifunga. Ami Sele alikuja na ndoo akaliangalia sinia lake, pale pale lilipokuwa jana, akaniangalia na mimi. Akaanza kumwagilia maua.

Nikakimbilia Darajani sokoni. Pweza wako, wabichi, wanene, wamelazwa juu ya mawe. Nikaingiza mkono mfukoni nikakumbuka zile pesa zimelala wapi. Muuzaji akanambia, "Kijana, kumwangalia ni bure, lakini usimshike." Nikakikunja kikapu, nikakitia ndani ya begi chini ya nguo, nikaenda Kikwajuni kwa miguu. Njia nzima nilikuwa natunga maneno, na kila nililotunga lilikuwa bovu kuliko lililotangulia.

Kikwajuni, saa nne. Nyumba niliijua kwa mlio wa cherehani. Ulikatika nilipobisha hodi.

Sikuwa nimemtia machoni Mama Mkubwa tangu siku ya mazishi. Akatoka na futi ya kushonea shingoni, na nikaogopa, kwa sababu ni mama yangu hasa, aliyenenepa kidogo. Akanishika uso kwa mikono miwili.

"Simai. Jana ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Shikamoo Mama Mkubwa. Gari iliharibika Tunguu. Tukalala ndani ya gari."

"Mtoto wa watu. Umelala garini na kitanda chako kiko hapa." Akanivuta ndani. "Nilitaka kumpigia mama yako, nikasema akiliona jina langu atadhani nataka kumlaumu."

Kitanda kilikuwa kwenye chumba cha mbele. Shuka mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Juu ya mto kumewekwa mswaki ambao haujafunguliwa. Kwenye meza kawa limefunika sahani ya chakula cha jana, na Mama Mkubwa akalinyanyua akalirudisha upesi, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mwenziwe anavaa. Mlangoni alikuwa ameshasimama jirani yake, Bi Rukia, mwanamke mwenye sauti ya kuitia watu walioko ng'ambo ya bahari.

"Huyu ndo mgeni wetu wa jana? Wali wako nusu tumekula sisi, usije ukaudai. Tumekusubiri mpaka tumechoka kupiga miayo." Akaniangalia juu mpaka chini, macho yakaishia mikononi. "Kumbe watu wa shamba siku hizi wanakuja mikono mitupu. Hata muhogo?"

"Rukia, mwache mtoto," akasema Mama Mkubwa.

Lakini na yeye aliangalia. Aliangalia mikono yangu, kisha kwa haraka akaangalia nje ya mlango, kama pengine kuna kitu nimekitua kizingitini. Hakikuwapo. Hapo ndipo palikuwa na nafasi. Kikapu kimo begini, mgongoni kwangu. Ningeweza kukitoa nikasema, Mama Mkubwa, nimefanya upumbavu. Angenipiga kofi, Bi Rukia angepata kicheko cha mwezi mzima, na ingekuwa imekwisha.

Nikasema, "Mama anakusalimu."

"Anansalimu."

"Naam. Alikuwa na haraka, yumo katika mwani. Kasema salamu tu."

"Salamu tu," akasema Mama Mkubwa, na akarudi kwenye cherehani. Alikanyaga kidogo, akasimama, akafumua alichokishona.

Nililala kwake usiku wa pili, katika ile shuka. Alinipikia tena, alinishonea kola ya shati iliyokuwa imefumuka, aliniuliza habari za skuli na akacheka kwa adabu nilipomwigizia mwalimu wetu wa hesabu. Habari za mama hakuuliza. Kwenye kabati la vioo niliona doti ya kanga mpya na pakti ya haluwa, vimefungwa pamoja kwa utepe. Akaniona ninavyoangalia.

"Hizo za mteja," akasema.

Sijapata kumsikia mteja anayeagiza haluwa kwa fundi cherehani.

Asubuhi ya kurudi alinisindikiza mpaka barabarani, akanitilia nauli mfukoni nikikataa. Gari ilipofika akasema, "Mama yako mwambie namsalimu." Nikawa nimeshakaa, akaongeza kupitia dirishani, taratibu, wala hakukasirika: "Salamu tu."

Jambiani, alasiri. Mama alikuwa amekaa mlangoni anafunga mbegu za mwani kwenye kamba, na wala hazikuwa za kufungwa siku ile. Nilikuwa nimekitoa kikapu begini, nikakikunjua, nikakibeba mkononi, kwa sababu angekiuliza. Nilifikiri njiani kukitia kitu, hata ndimu za kuokota, nikaona aibu. Katika mambo yote, hapo ndipo nilipochagua kuona aibu.

Akanyoosha mkono akakipokea. Mkono wake ukaruka juu, kama wa mtu anayenyanyua debe akidhani limejaa. Akatazama ndani. Akakigeuza, akakigonga chini kwa kiganja, ukatoka ukili mmoja uliokatika.

"Kasemaje?"

"Anakusalimu."

"Na nini?"

"Basi."

Akainuka akakitundika msumarini nyuma ya mlango. Akarudi kwenye mbegu zake. Picha yangu ya hotelini ilikuwa inazunguka kijiji kizima, Vuai ananiita Mheshimiwa, watoto wananiuliza kama kweli maji ya moto yanatoka ukutani, na mimi kila nikifungua mlango wetu kikapu kile kinacheza nyuma yake.

Yule mwanamke aliyeleta maneno alipita siku moja. "Haya Bi Tatu, pweza kafika?"

"Kafika," akasema mama. "Kala."

Mimi nilijua ni mtu gani amemtengeneza kichwani mwake kwa neno hilo moja. Dada anayekula mkono wa kwanza aliopewa tangu mama yao afe, na kurudisha chombo kitupu kwa makusudi. Na Kikwajuni kuna mtu mwengine anashona, na kichwani mwake yumo mdogo wake aliyemtuma mtoto na salamu kavu. Wote wawili hao hawapo. Nimewatengeneza mimi, na usiku mmoja wa kulipia.

Nilipoamua kusema ukweli nilianza na Mama Mkubwa, kwa kuwa simu haina mkono wa kupiga. Nilikwenda pwani maji yametoka, nikamwambia yote, Hurumzi, Ami Sele, sinia, paka.

"Kwa hiyo Tatu aliniletea pweza," akasema.

"Naam."

"Wa mwambani? Alikwenda mwenyewe?"

"Mwenyewe. Na kikapu alikisuka yeye."

Nikasikia anavuta pumzi. "Mwambie wewe mwenyewe, Simai. Usinitume mimi." Akakata.

Basi nikarudi nyumbani. Mpaka naandika haya hakuna kati yao aliyempigia mwenzake, kila mmoja anaona zamu si yake, na kikapu kiko pale pale msumarini. Nimeomba nikamtafute pweza mwengine mwenyewe, nimpeleke mwenyewe, nilale nitakapoambiwa. Mama hajasema ndiyo wala siyo. Nilichojifunza ni kidogo na kimechelewa: chumba rahisi mjini kipo, ila ukiwa na mtu anayekungoja, hakuna chumba rahisi.

Lakini sijaeleza alichosema mama nilipomwambia. Nyumbani sikumkuta, nilimkuta ufukweni anakusanya kamba zake. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa mfululizo, bila ya mzaha hata mmoja, nadhani ndiyo mara ya kwanza. Nilingoja kofi. Nilingoja anifukuze. Aliendelea kukunja kamba mpaka ikaisha, akaiweka begani, akaniangalia.

"Paka walimla wote?"

"Wote, mama."

Akatikisa kichwa taratibu. Kisha akasema, na ni maneno yake yenyewe, sikuongeza wala sikupunguza:

"Siku ile, Simai, nilikaa na simu mkononi mpaka taa zikazimwa, nikimngoja amalize kusali."